Mashua Isije Ikapandwa Maua

Jumatano, 19 Juni

Shule ilifungwa jana. Nimekuja kisiwani kwa Baba na feri ya saa nne kutoka Sfax, nimesimama safari nzima. Nilijiahidi kitu kimoja tu kiangazi hiki: kulala. Mwaka mzima wa wanafunzi arobaini na mmoja, hesabu, chaki, kelele — kulala tu! Wasila, binti ami yangu anayempikia Baba, alishanitandikia. Nikajilaza. Viatu sijavivua vizuri, fimbo ya Baba ikagonga mlango. Dalenda, amka, kuna kazi ya mashua.

Mashua! Iko nchi kavu tangu Mama afariki, miaka miwili sasa. Mbao zimeachana, kidole kinapita. Rangi imebabuka. Panya wamezalia ndani ya tanga. Nikamwambia Baba hii si mashua tena, ni kuni. Akagonga ubao kwa fimbo. Halafu akasema, basi Hasib ana macho kuliko wewe, yeye anaitaka.

Hasib ana hoteli pale ufukweni. Anataka kuisimamisha langoni pake, aijaze udongo, apande maua. Wageni wapige picha. Ameshazungumza na Mundhir, kaka yangu, huko Marseille, na Mundhir ameridhia, maana amechoka kuota Baba amezama. Macho ya Baba yanapungua nuru. Daktari kasema, Wasila kasema, mimi pia nimesema.

Baba katoa sharti, yeye na Mundhir wamekubaliana kwa simu. Mtoto wake yeyote akiweza kuipeleka mashua kwa tanga mpaka kwenye uzio wetu wa makuti wa kunasia samaki na kuirudisha, kabla Agosti haijaisha, mashua inabaki majini. Asipoweza, tarehe thelathini na moja Hasib alete trekta.

Watoto wake tuko wawili. Mmoja yuko Marseille. Huyo mwingine hakuulizwa.

Jumapili, 23 Juni

Siku ya nne ya kukwangua rangi. Nywele zangu zina vumbi la kijani, kikohozi changu ni cha kijani. Baba amekaa kivulini kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapitisha kiganja pale nilipokwangua. Hapa bado. Na hapa. Na hapa pia, Mwalimu.

Ananiita Mwalimu akitaka kunichoma. Nilimwambia leo: Baba, nina miaka hamsini na moja na presha. Akasema presha haishiki patasi, mkono ndio unashika.

Nitaandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nina hasira naye ya miaka arobaini. Mundhir alifundishwa tanga, alifundishwa usukani. Mimi nilipewa kopo. Dalenda, chota maji. Kila safari, chota maji. Sikuwahi kushika kamba hata moja ya ile mashua. Sasa Mundhir anauza magari Marseille, na mwenye kopo ndiye anaamshwa alfajiri.

Ijumaa, 28 Juni

Kalafati. Unasokota pamba, unaichovya mafuta, unaishindilia kwenye ufa kwa patasi na nyundo. Ufa mmoja, saa nzima. Nimehesabu nyufa — sitazitaja hapa, nitalia.

Hasib alipita. Ana shati jeupe, mtu hajui jua linamkwepa vipi. "Ami Jilani, unamwonea bure binti yako. Niachie mimi hiyo mashua, itastarehe."

"Maiti nayo inastarehe," Baba akamjibu.

"Bi Mwalimu, usishindilie sana basi. Maji ya maua yanatakiwa yatoke kwa chini."

Nikamwambia akae mbali na nyundo yangu. Alicheka. Hasib si mtu mbaya, ndilo tatizo lake. Jioni alituletea zabibu.

Alhamisi, 4 Julai

Leo tumeizamisha mashua. Ndiyo — baada ya kazi yote ile! Tuliisukuma na vijana wa mtaa mpaka majini, Baba akaamuru mawe yapakiwe, mawe yakapakiwa, ikajaa maji, ikakaa chini kimya, ukingo wake tu unaonekana. Mbao lazima zinywe, zivimbe, zizibane zenyewe. Siku nne. Nilijua hilo tangu utotoni, lakini nilivyoiona inazama moyo uliniuma kama ya kweli.

Wasila alikuja kutazama, mikono kiunoni. "Shoga, mmemaliza? Sasa kapu langu la kufulia nalo mlizamishe, lina ufa."

Baba hakucheka. Ana hesabu zake za mwezi siku hizi. Jumanne magharibi alisimama uani akatangaza mwezi umeandama. Redio ikasema mwezi mpya unaanza leo, Alhamisi. Baba akasema watu wa redio wanatazama mwezi kutoka ofisini. Huku kwetu maji hayafuati saa ya ukutani, yanafuata tarehe ya mwezi. Mtu akijua leo ni ngapi ya mwezi, anajua maji yatakauka saa ngapi. Baba hajawahi kukosea.

Alhamisi, 11 Julai

Inaelea! Inavuja kidogo pale nyuma, kidogo tu. Na leo — tanga.

Tanga limenitandika. Foromali, ule mti mrefu unaolibeba, ni mzito kuliko mimi, na ukitaka kugeuka lazima uupitishe wote mbele ya mlingoti, huku tanga linapigapiga kama limepandisha mashetani. Umenigonga bega. Kamba imenichuna viganja. Baba ameshika ukingo, ametulia, anafoka. Legeza! Kaza! Si hiyo! Ile nyingine! Nikamwambia, zote zinafanana! Akasema hakuna kamba mbili duniani zinazofanana, sikiliza inavyolia.

Halafu maswali. Maji ya kwetu ni ya magoti na kiuno, kina kinapita katikati kama mito, lazima uijue njia. Kila dakika ananiuliza: rangi gani mbele? Nasema buluu. Nenda. Rangi gani? Nyeusi. Majani hayo, yapite kushoto. Rangi gani? Nyeupe. Nyeupe wapi, Dalenda, nyeupe wapi! Mbele, Baba! — na tukakwaruza mchanga.

Najua ananipima, kama nilivyozoea kuwapima wanafunzi kwa jibu ninalolijua.

Jumamosi, 13 Julai

Viganja vimefura. Nimeshika kijiko cha chai kwa mikono miwili. Mundhir kapiga simu, anauliza kama bado nina ukaidi. Nikamwambia sina ukaidi, nina malengelenge.

Alhamisi, 18 Julai

Sijui nianzie wapi. Nimechoka hadi mifupa ya uso.

Maji ya leo ni ya bamvua, yanajaa sana na kukauka sana. Nilimwambia Baba tangu jana: kwa kalenda ya duka la dawa leo ni kumi na tano ya mwezi, maji yatakauka saa tano, tusivuke saa nne unusu. Akasema leo ni kumi na sita. Basi maji yatakauka karibu saa sita, muda tunao. Mwezi uliandama Jumanne ile, niliuona kwa macho yangu. Nani wa kubishana naye? Tukaenda.

Saa nne na robo mashua ikagusa. Nikashika upondo, nikasukuma, nikasukuma, mgongo ukalia. Haikwenda. Dakika kumi baadaye tuko juu ya matope, mashua imelala ubavu, kaa wanatutazama. Jua! Chupa moja ya maji, mkate wa shayiri na zeituni. Kusubiri mpaka maji yarudi — alasiri.

Nilikasirika. Nilisema yote. Nilimwambia ulikosea siku moja, Baba, sema tu umekosea. Akasema sikukosea, mwezi niliuona. Nikamwambia Jumanne ile hakuna aliyeuona, Tunisia nzima hawakuuona, haukuwepo angani! Wewe uliuonea wapi?

Kaa wakawa wanatembea chini yetu. Halafu akasema, nilihesabu.

Nikamuuliza alihesabu nini.

Akasema: "Tangu Machi sijauona mwezi wowote. Nahesabu tu. Mwezi mmoja siku ishirini na tisa, mwingine thelathini, mwingine ishirini na tisa. Mahali fulani nimeruka siku."

Tangu Machi! Nikamuuliza, na mimi unanionaje? Akasema nakuona vizuri, uko hapo. Akaonyesha. Nilikuwa nimeshahamia upande wa pili kutafuta kivuli.

Nililia, kwa sauti, kama mtoto, na hakukuwa na pa kujificha kwenye yale matope. Yeye akawa anamega mkate. Akasema Mundhir asijue. Daktari hakumwambia Mundhir yote, naye Baba hakumwambia daktari yote. Na akasema kingine, bila mimi kumuuliza. Nyumbani anajigonga kwenye kila kitu, kwenye mlango, kwenye meza, kwenye Wasila. Mashuani hajigongi popote. Mashua ikichukuliwa, Dalenda, mimi ni kiti tu, mtu wa kufutwa vumbi.

Kumbe "rangi gani?" lilikuwa swali la kweli.

Tulifika saa kumi na moja. Hasib alikuwa gatini na taulo na soda baridi. Afadhali angetutukana.

Ijumaa, 19 Julai

Nimelala. Kutwa. Hatimaye.

Jumatatu, 29 Julai

Sasa tunakwenda kila asubuhi upepo ukiwa mdogo. Hakuna tena kufoka, au kumepungua. Mimi nasema rangi, yeye anasema maana yake. Nyeusi yenye mistari. Hayo ni majani mafupi, pita juu. Nyeusi tupu. Hayo marefu, yatashika usukani, zunguka. Buluu iliyochujuka. Maji yanashuka huko, harakisha. Mtu mmoja tumegawana: yeye kichwa, mimi macho na mgongo. Hasa mgongo.

Tarehe tunafuata ya duka la dawa. Hakuna anayelitaja jambo hilo.

Leo niligeuza foromali peke yangu mara tatu bila kugongwa. Hakusifu. Alisema tu, tanga limenyamaza. Nimefika nyumbani nikajiona natabasamu mbele ya kioo cha bafuni, uso umeungua, pua inachunika. Wasila kaniuliza nimepata mchumba? Nikamwambia nimepata ngiri. Bega la kulia halipandi tena juu ya sikio.

Jumapili, 11 Agosti

Idi. Kondoo, moshi, wageni, vyombo visivyoisha. Baba kavaa kofia yake nyekundu, amekaa barazani anapokea watu. Anawajua wote kwa sauti, anacheka mapema kidogo ili wasigundue. Mimi nagundua. Ningetamani nisingegundua.

Mundhir kwenye simu, na watoto wake wakipiga kelele nyuma. Atakuja tarehe ishirini na nane. Anasema amesikia kwa Hasib kwamba ninaendesha kweli. Kwa sauti ya ajabu — sijui furaha, sijui wivu. Nikamuuliza, unakumbuka jinsi ya kupitisha foromali? Akasema hakumbuki hata neno lenyewe.

Nusura nimwambie kuhusu macho. Nimeshika simu, Baba anapita na fimbo, anahesabu hatua kwa midomo. Nikasema tu Idi njema, tukakata.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumefika! Kwenda na kurudi!

Uzio haupo tena kama nilivyoukumbuka. Makuti yamelala, nguzo zimepinda, miaka miwili hakuna aliyeutengeneza. Baba alishuka, maji ya kiuno, akaushika ukuta wa makuti kwa mikono miwili akatembea nao, akipapasa, nguzo hadi nguzo. Hapa pamevunjika, hapa bado pazima, hapa babu yako aliongeza. Nilimfuata na kamba mkononi nikiogopa atanizamia. Hakuteleza hata mara moja. Chumba cha mwisho, wanamonaswa samaki, kilikuwa na pweza mmoja, basi. Aliucheka uzio, akamcheka pweza.

Kurudi upepo ulitugeuka, niligeuza tanga mara tisa. Tisa. Nilipofunga kamba gatini watu wawili watatu wakapiga makofi. Hasib mmoja wao. Wasila alipiga vigelegele, halafu akasema nanuka.

Kwa sharti la Baba tumeshamaliza. Nilimtumia Mundhir ujumbe. Kajibu: ngoja nije nione mwenyewe.

Alhamisi, 29 Agosti

Mundhir kaja jana na feri ya jioni. Amenenepa, ana mvi, bado anakula pilipili kwa kidole kutoka kwenye kopo. Nilimfurahia kwa muda wa saa moja.

Leo asubuhi alimwona Baba akimimina chai nje ya kikombe. Basi. Hakuhitaji kuambiwa. Kanivuta uani, ananong'ona kwa ukali: umejua tangu lini? Nikamwambia Julai. Ulimpeleka baharini mtu kipofu, tangu Julai! Nikamwambia yeye ndiye aliyenipeleka mimi.

Halafu akatoa lake. Sharti lilikuwa mtoto mmoja, si mtoto na Baba. Jumamosi niende peke yangu. Nikifika na kurudi, mashua yangu, haki yangu, atamwambia Hasib mwenyewe. Lakini Baba haingii tena mashuani, si Jumamosi, si baadaye. Akiingia, hesabu imefutwa na trekta inakuja.

Nilimwambia mashua bila Baba ya nini? Mimi siitaki! Mimi nilitaka kulala! Akasema, Dalenda, akifa mikononi mwako utaishije? Na yeye alikuwa analia, Mundhir, na pilipili kwenye kidole, akajifuta jicho, likamuunguza. Tulicheka wote wawili vibaya.

Baba alikuwa dirishani. Alisikia kila neno. Chakula cha mchana alikula vizuri, akasifu samaki.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimekwenda peke yangu mpaka nusu ya njia, nikarudi. Buluu, nyeusi, buluu iliyochujuka. Nilikuwa nataja rangi kwa sauti, kisha nasubiri. Halafu nakumbuka najua maana yake.

Naweza. Ningefurahi zaidi kama nisingeweza.

Jumamosi, 31 Agosti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niko ndani ya mashua, bado tumefungwa gatini. Trekta ya Hasib iko barabarani, imezimwa, Hasib kaegemea gurudumu anakunywa kahawa na hatazami huku. Si mtu mbaya, nimeshasema.

Nilikuja na Mundhir. Tulidhani Baba amelala. Kumbe yuko humu ndani, amekaa katikati ya mashua, fimbo kaiacha juu ya gati. Amekuja peke yake kwa kupapasa ukuta wa nyumba za watu. Suruali imechanika goti moja, kuna damu kidogo.

Mundhir: "Baba, shuka."

Baba akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Baba, nakuomba. Mbele za watu hivi?"

Ndipo Mundhir akanigeukia mimi. "Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza." Nikasema tangu lini? Akasema ukiondoka naye umepoteza, Dalenda, mbele ya macho yako namwita Hasib. Nikasema najua. Akaenda kumwita Wasila aje asaidie kumbembeleza. Nyumba ya Wasila iko mbali kidogo. Nimetoa daftari kwenye kapu la mkate, naandika, ili nionekane nina kazi.

Maji yameanza kushuka. Kwenye nguzo ya gati unyevu umeshakuwa upana wa vidole vitatu. Nikichelewa nusu saa njia haitanitosha. Upepo ni mzuri, unatoka upande wa Sfax, umetulia. Nikienda peke yangu mashua inabaki, na yeye anabaki gatini, anaisikiliza ikiondoka. Nikienda naye, jioni inajazwa udongo. Nimepiga hesabu ya namna ya tatu. Mwalimu wa hesabu mimi. Haipo.

Nimemuuliza Baba kama goti linauma. Amegeuza uso, kando kidogo ya mahali nilipo. Miaka sitini humu ndani yeye ndiye aliyepanga watu: wewe huku, wewe kule, wewe chota maji. Amesema polepole ili Hasib asisikie:

"Nahodha, nikae wapi?"

Nasikia viatu vya Mundhir na ndara za Wasila zinakuja kwenye mawe, wanabishana. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, sijui tangu saa ngapi, unafungua kamba.